Kijino Kisichokuwepo

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kazini, mmeniuliza kwenye kundi letu la simu, na kila mara nimejibu kwamba safari ilikuwa salama. Salama ilikuwa, kwa maana kwamba nilirudi na miguu yangu miwili. Mengine sikuweza kuyasema kwa mdomo. Nayaandika hapa mara moja, msome, kisha tafadhali msiniulize tena.

Wengi wenu mnamjua Mwalimu Felista. Ndiye aliyenifundisha kumchuna panya bila kumpasua tumbo, na kumtofautisha popo mmoja na mwingine kwa meno, maana sura za popo zinadanganya. Katika ujana wake aliwahi kumchukua popo mmoja kutoka kwenye mzinga wa nyuki huko kusini ya Sikonge. Popo mdogo, mwili wake haufiki kidole gumba, manyoya yake rangi ya kutu. Alipomfungua taya akaona kwamba kile kijino kidogo kinachokaa nyuma ya chonge, ambacho popo wanaofanana naye wote wanacho, yeye hana. Kulia hana, kushoto hana. Mwalimu akasema hii ni aina ya peke yake. Wakubwa wake wakamcheka. Mmoja alimwandikia kwamba mtu akizaliwa na vidole sita hatumwiti aina mpya ya binadamu. Na kweli, mnyama mmoja hathibitishi kitu, huenda alikuwa kilema tu. Alihitajika wa pili na wa tatu mwenye pengo hilohilo, na Mwalimu alizeeka bila kumpata.

Mwaka huu ini lake likakataa kazi. Madaktari wakamrudisha nyumbani. Wiki hizohizo afisa nyuki mmoja wa Sikonge akanitumia picha kwenye simu: mzinga wa magome umefunguliwa kifuniko, ndani popo wadogo wa rangi ya kutu wamebanana. Chini akaandika, "Hawa ndio mnawatafutaga?" Nilimpelekea Mwalimu picha ile kitandani. Aliitazama mpaka simu ikazima yenyewe.

"Meno hayaonekani," akasema. Kisha akanishika mkono. "Nenda, Yusto. Nataka kujua kabla sijaondoka."

Morogoro hadi Nzega

Niliondoka na kopo la bati lenye mikasi, pamba, koleo nyembamba, chupa ya spiriti na kioo cha kukuzia. Kosa langu lilikuwa kulifungua ndani ya basi ili nihakikishe chupa haivuji. Mama aliyekaa pembeni yangu, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anarudi kwao Nzega, aliyatazama yale makorokoro kisha akajivuta kuelekea dirishani.

"Kaka, hiyo mikasi na pamba ni vya nini?"

"Nachunguza popo, dada."

"Popo wa kutibu nini?"

"Hawatibu kitu."

"Sasa unawatafuta wa nini?"

Nikamweleza habari za taya na kijino. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akahamisha mkoba wake kutoka kati yetu akaupakata. Kabla hatujafika Singida basi zima lilikuwa linajua kwamba kiti cha kumi na nne amekaa mganga. Mwanaume mmoja mwenye kofia ya mgodini aliniinamia kutoka kiti cha nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anachimba dhahabu, shimo lake halijatoa kitu tangu mfungo, na kama ninaye popo mmoja mkavu tu tutaelewana. Nilimwambia sina. Alinitazama kwa chuki, akaamini kwamba ninaye ila namnyima.

Mbele ya Singida basi likafa. Fundi aliingia uvunguni saa sita mchana, akatoka saa kumi na moja jioni akiwa amelowa mafuta mpaka nyusi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, tukabanana chini ya kibanda cha muuza kuku. Nilikula paja moja gumu kama mkanda na mayai mawili ya kuchemsha, na kila nilipoangalia saa nilimwona Mwalimu amelala pale sebuleni, macho yake ya njano kwenye mlango. Nilikuwa na hasira na basi, na fundi, na mvua. Hasira yangu mnaijua. Nilimfokea hata mama wa vitenge aliponiuliza kwa wema tu kama nina mwavuli.

Tulifika Nzega tumechoka, nikalala na nguo.

Nzega hadi Tabora

Mwendo huu haukuwa na shida ila matope. Pembeni wakulima walikuwa wanapalilia pamba iliyoota juzijuzi. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba Tabora, tunakoelekea, ndiko njia za misafara ya zamani zilikokutana, na kwamba tembo wa bara hili walipitia pale kwenda pwani, pembe baada ya pembe, mabegani mwa watu. Leo vitabu vyetu bado vinaeleza vizuri kabisa meno ya tembo wa Unyamwezi. Tembo wenyewe katika njia hii sikuwaona hata alama zao.

Nilifikia mtaa wa Gongoni, kwa Bi Zuwena, shangazi wa rafiki yangu. Ni mama wa miaka sabini na ushee, fundi wa kushona kofia, na babu zake walikuja na misafara wakabaki. Alinipa chai ya tangawizi na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unatafuna na karanga. Nilipomwambia kazi yangu hakujivuta popote.

"Enhe, niambie wewe mwenye elimu," akasema. "Popo mnamweka wapi? Kwa ndege au kwa wanyama?"

"Kwa wanyama, bibi. Ana meno, ana manyoya, na ananyonyesha."

"Ananyonyesha huku anaruka?"

"Ndiyo. Mtoto anazaliwa na vijino vilivyopinda kama ndoana. Anang'ata titi la mama yake haachii, na mama anaweza kuruka naye hivyohivyo."

Bi Zuwena aliweka birika chini. "Maskini wa Mungu. Nasi tunawafukuza na mafagio."

Nilikaa kwake siku mbili ambazo sikupanga kukaa. Yule afisa nyuki alikuwa amehamishwa wilaya, simu yake haipatikani, na mvua ilikuwa imekata barabara ya udongo kusini ya Sikonge. Ningeweza siku hizo mbili kumpigia mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki wa kijiji nilichokuwa nakwenda, nimweleze taratibu ninachotaka. Namba nilikuwa nayo. Sikumpigia, kwa sababu niliona kila kitu kimeshaandikwa kwenye barua niliyokuwa nimeitanguliza.

Tabora hadi Sikonge, na kuendelea

Hadi Sikonge ni lami, saa moja tu ya usingizi. Baada ya hapo nilipanda pikipiki ya Shabani, mtu mzima mwenye watoto sita na maneno mengi. Tulianguka mara tatu. Mara ya tatu kopo langu lilitumbukia kwenye dimbwi, Shabani akaingia mpaka kiunoni kulitafuta, akalipata.

Njiani nilihesabu mabani ya kukaushia tumbaku mpaka nikaacha. Pembeni ya kila bani pana rundo la magogo lililo refu kuliko bani lenyewe. Kwa nilivyosoma kwenye daftari la Mwalimu, eneo hili lilikuwa msitu wa miyombo mfululizo, na popo wa jamii ile walikuwa wanalala kwenye mashimo ya miti mikubwa. Sasa miti iliyobaki ilikuwa myembamba, haina shimo la kumtosha hata mjusi.

"Miti mikubwa iko wapi?" nikamuuliza Shabani.

"Si ndiyo hiyo inavutwa Ulaya," akasema akicheka, akionyesha moshi wa bani.

Hapo nikaelewa kwa nini popo wako kwenye mizinga. Mzinga wa magome ni shina lenye uwazi ambalo hakuna atakayelikata kuni. Nilifurahi, nakiri. Nilipiga hesabu ya kichwani kwamba wote waliobaki watakuwa pamoja, ni kuwafuata tu.

Kijijini

Jina la kijiji silitaji, nanyi mkilijua msilitaje.

Walikuwa wananisubiri. Wanaume kumi na wanne na wanawake wachache wamevaa nguo za kanisani, mbele yao meza yenye kitambaa cha maua na glasi ya asali. Mwenyekiti wao, Mzee Maganga, mzee wa kanisa la Moravian, mrefu, mikono yake imejaa makovu ya zamani ya nyuki, alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu sana. Mwangaluka," akaongeza kwa Kinyamwezi, "tulidhani matope yamekumeza."

Walinilisha kwanza. Ugali wa mtama, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, na kuku mzima kwa ajili yangu peke yangu. Mke wake, Mama Kulwa, alisimama kuhakikisha nimemaliza. Kule nyuma kwenye jalala kuku wengine walikuwa wananyang'anyana kitu, wanakimbizana nacho, nikadhani ni panya. Nilikula vizuri kuliko siku zote za safari.

Nilipokwisha kunawa Mzee Maganga akakohoa, akatoa barua yangu mfukoni, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mgeni wetu, barua yako tuliisoma mbele ya kikundi kizima. Tuliumia, nisikufiche. Huku kwetu mtu mwenye mzinga wa popo ni mvivu, hata mke wake anachekwa kisimani. Sasa inakuja karatasi yenye muhuri, inasema mtaalamu atafika kukagua mizinga iliyovamiwa na popo. Tukasema, aibu hii haitatukuta. Tumefanya kazi siku mbili. Mizinga yote tumeipiga moshi, tumeifagia, tumeipaka nta mpya. Pita popote unapotaka." Akatabasamu, na wenzake wakatabasamu. "Hutakuta popo hata mmoja."

Watu wakapiga makofi.

Niliishika ile glasi ya asali nikashindwa kuiweka mezani. Barua ile niliiandika mimi. Kila neno lilikuwa langu, kwa lugha ya ofisi ninayojivunia, na muhuri niliufuata mwenyewe ghorofa ya pili. Mwalimu alinikataza. Alisema, usitangulize barua, Yusto. Fika, salimia, kaa, kula wanachokula, halafu ndipo uulize. Nikaona hayo ni mambo ya zamani.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Kina nani?"

"Hao popo."

Mzee Maganga alinishangaa, akaonyesha kidole kwenye jalala. Wengine waliunguzwa pamoja na takataka za mizinga, wengine walitupwa tu. "Kuku wanahangaika nao tangu juzi," Mama Kulwa akasema.

Nikakumbuka nilichokula. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatapika, watu wote wakisikia.

Niliporudi nilipiga magoti kwenye majivu na koleo yangu nikaanza kuchambua. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Kwa muda mrefu hakuna aliyenisogelea. Kisha Mzee Maganga akaja na suruali yake ya kanisani, akapiga magoti pembeni yangu.

"Hiki?" akauliza, ameshika kitu cheusi kati ya vidole.

Kilikuwa taya. Nikakitia chini ya kioo. Chonge, kisha pengo, kisha jino kubwa. Kijino hakipo.

"Ndicho," nikamwambia.

Tulipata taya kumi na moja. Zote zilikuwa na pengo, kulia na kushoto. Mama Kulwa akakumbuka mzinga mmoja ambao hawakuufagia hadi mwisho kwa kuwa ngazi ilivunjika. Shabani alipanda, akashuka na popo mzima aliyekufa kwa moshi, jike, amejikunja, na chini ya bawa lake mtoto bado ameng'ata titi. Nilijaribu kuwatenganisha ili nimpime mama. Hawakuachana, nikaacha. Taya ya mama nayo ilikuwa na lile pengo.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa sahihi. Kumi na wawili hawawezi wote kuwa vilema. Nilikuwa nimepata uthibitisho ambao mtu hupewa mara moja katika kazi, nikiwa nimepiga magoti kwenye jalala, nanuka matapishi.

Nilimweleza Mzee Maganga yote, tangu yule popo wa kwanza. Alisikiliza akijifuta majivu mikononi.

"Baba," akasema baadaye, "kwa nini hukuandika kwamba unawapenda?"

Nikaanza kuzipanga taya ndani ya kopo.

Siku tatu porini

Mzee Maganga hakutaka niondoke hivyo. Alisema kuna mizinga ya vijiji vya jirani, na mingine iliyotelekezwa na watu waliokwisha kufa. Tulitembea siku tatu, yeye mbele na panga, mimi na kopo, Shabani na ngazi mpya begani huku akilalamika kwamba biashara yake ya pikipiki imegeuka ya kubeba mbao. Tulikula uyoga wa mvua za kwanza na muhogo wa kuchoma. Mzee alinionyesha kila kisiki njiani na kukitaja jina kama anasoma orodha ya marehemu: mninga, mtundu, mninga, mkora. Aliniambia mwingine aliukata yeye, mwaka alipolima tumbaku.

Tulifungua mizinga arobaini na kitu. Tulikuta nyuki, nao walituadhibu. Tulikuta mchwa, panya wa mitini, na mara moja nyoka aliyemfanya Shabani aruke kutoka ngazini. Siku ya tatu asubuhi, kwenye mzinga mzee uliopasuka, tukakuta popo. Wadogo, rangi ya kutu, wanane, hai, wanapumua harakaharaka. Mzee Maganga alivua kofia. Nilimchukua mmoja, nikamfumbata kiganjani, nikamfungua mdomo taratibu kwa ncha ya koleo. Aliniuma. Nikatazama kwa kioo.

Kijino kilikuwepo, kulia na kushoto. Nikamwangalia wa pili, wa tatu, wote wanane. Walikuwa wale wa kawaida, wanaopatikana kuanzia hapa mpaka pwani.

"Sio?" Mzee akauliza.

"Sio, mzee."

Tuliwarudisha mzingani mmoja mmoja, tukafunga kifuniko. Tukageuza njia kurudi kijijini.

Wakati wa kuondoka Mzee Maganga alinipa chupa ya asali ya nyuki wadogo. Alisema, "Mwambie mwalimu wako hatukujua. Mwambie kwa maneno hayohayo." Alinisindikiza mpaka kwenye daraja la magogo, akasimama pale mpaka tukapotea.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi kwa namna ya kukera, mabasi hayakuharibika, mvua haikunyesha. Nilikuwa na saa nyingi za kufikiri, na nilizitumia kutunga uongo. Ningemwambia Mwalimu kwamba tumewakuta, kwamba taya hizi ni za waliokufa zamani, na kwamba wengine wengi wako hai kwenye mizinga. Nilijifunza uongo ule kwa moyo kutoka Nzega mpaka Dodoma, hata nikaongezea idadi.

Nilifika mchana. Binti yake, Neema, alinifungulia mlango akaninong'oneza nisikae sana. Mwalimu alikuwa amekonda zaidi, ngozi imekuwa ya njano kabisa, lakini aliponiona na kopo aliomba awekewe mito mgongoni. Nikampa kioo. Neema akashika taa karibu na mkono wake. Alizitazama taya zote, moja moja, akipumzika katikati, na kwa kila moja alisema, "Hakipo." Alimtazama na yule jike na mtoto wake kwa muda mrefu bila kuwagusa.

"Nilikuwa sahihi," akasema.

"Ulikuwa sahihi, Mwalimu."

"Hili jivu ni la nini?"

Nikafungua mdomo nitoe ule uongo. Macho yake yalikuwa juu yangu kama wakati ule wa kunifundisha, nikaona siwezi. Nikamweleza. Barua, muhuri, moshi, kuku, siku tatu, wale wanane wa kawaida. Nikampa na maneno ya Mzee Maganga kama alivyoyasema. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

Akairudisha taya ya mwisho kwenye kopo.

"Miaka yote hiyo nimeomba niwe sahihi," akasema. "Kumbe kama ningekuwa nimekosea, hawa wangekuwa popo wa kawaida tu. Wangekuwa wamejaa hata kwenye dari hii."

Nilifunga kifuniko cha kopo.

"Yusto, unaweza kuandika kwamba nilikosea?"

"Siwezi, Mwalimu. Meno yanaonekana."

"Najua," akasema. Akanirudishia kioo, akamwomba Neema aondoe ile mito.